Kipimo Kutoka Iringa

Kile kipimo nilikivunja mimi. Naanza na hilo kwa sababu kwa muda mrefu nilikuwa nawaambia watu kwamba "kilivunjika", utadhani vyombo vinaamka asubuhi na kujivunja vyenyewe.

Nilikuwa mpimaji wa maziwa kwenye kituo chetu kidogo cha ushirika, huku milimani nyuma ya jiji la Mbeya, ambako ukungu unakaa mpaka saa tatu na watu wanavaa masweta mwaka mzima. Wanachama walileta maziwa kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, mimi nawapima mmoja mmoja, halafu gari linapita kuyabeba kwenda mjini. Chombo chenyewe kinaitwa laktomita. Ni kijiti cha kioo, tumbo nene chini, shingo nyembamba yenye namba. Unamimina maziwa kwenye silinda ya plastiki, unakitumbukiza, unasubiri kitulie, unasoma. Kikielea kwenye ishirini na nane au tisa, maziwa ni safi. Kikizama zaidi namba inashuka, na ikifika chini ya ishirini na sita, mtu ametia maji.

Na kwa mtu aliyetia maji, kanuni yetu ilikuwa moja, tuliipitisha wenyewe kwenye mkutano. Maziwa yanamwagwa palepale nje ya mlango, mbele ya foleni. Anayemwaga ni mpimaji, na mwenye maziwa anasimama anaangalia. Ikifika mara tatu, unafutwa uanachama. Nisiseme uongo, niliipenda kanuni ile. Nilipenda watu waninyamazie nikiinama kusoma namba. Domo langu halina breki, na pale kituoni hakuna aliyethubutu kuniambia nilifunge, kwa sababu kipimo kilikuwa mkononi mwangu.

Siku kilipovunjika nilikuwa nagombana na baba mmoja wa juu mlimani. Yake yalisoma ishirini na tano. Akasema, "Hiyo kipimo chako inachagua watu." Nikamwambia haichagui watu, inachagua wezi. Naye akasema neno ambalo silirudii hapa. Mimi nikikasirika napiga meza, hata nyumbani wananijua. Nikaipiga. Silinda ikalala, laktomita ikateleza, ikabingirika mpaka ukingoni, ikaanguka kwenye saruji. Ulisikika mlio mdogo tu. Yule baba akainama, akaanza kuniokotea vioo.

Tulikaa wiki mbili bila kipimo. Nilipima kwa kidole, unadondosha tone la maziwa kwenye ukucha unaangalia kama linakimbia. Niliuona upuuzi huo kila siku, na mnunuzi wa mjini naye aliuona. Alituambia tukikaa hivyo mpaka mwisho wa mwezi, gari lake halitapanda tena huku.

Nikashuka mjini kutafuta. Duka la dawa za mifugo la kwanza, hawana. La pili, hawana. La tatu wananiuliza ndiyo nini hiyo, mama. Pale Mwanjelwa, fundi mmoja wa magari akaniambia anacho, nikaingia hadi ndani nimejaa furaha, kumbe ni kile cha kupimia asidi ya betri. "Si vyote vinaelea?" akaniuliza. Nikacheka, ingawa sikuwa na hamu ya kucheka. Nikaenda mpaka Mbalizi siku ya soko, nako wakaniletea kipimajoto, wakasema hiki ndicho watu wa maziwa wananunuaga. Nikawaambia mimi nimewaomba laktomita, kipimajoto nikafanyie nini? Nikakirudisha. Leo nikikumbuka nilivyokirudisha kile kipimajoto, mwili unanisisimka.

Ndipo mwenyekiti wetu alipopata habari kwamba Iringa mjini kuna mzee anauza vifaa vya maabara za shule, na kwamba amewahi kuonekana na vya maziwa. Nikapanda basi la alfajiri. Makambako nikanywa chai, Mafinga nikanunua karanga, Ipogolo nikateremka nikapanda mlima kuingia mjini, roho juujuu, nikiomba tu Mungu asiwe ameuza.

Duka lilikuwa nyuma ya soko, jembamba, limejaa chupa za kioo na mizani. Mzee alikuwa amevaa koti zito na kofia ya sufu.

"Kamwene," nikamsalimia kwa lugha ya kwao, ili anione mtu.

"Kamwene, mama. Karibu."

Nikamweleza. Akapanda ngazi, akashuka na maboksi mawili membamba yenye vumbi. Jamani, nilitaka kumkumbatia. Akayafungua, akaziweka laktomita mbili juu ya gazeti. Kwa macho yangu zilikuwa pacha.

"Hazifanani," akasema. "Hii ni ya joto la ishirini. Hii ni ya ishirini na saba. Nyinyi mnapimia kwenye joto gani?"

Nikacheka. "Baba, mimi natoka Mbeya. Tena si Mbeya mjini, ni kule juu. Kwetu asubuhi unatoa moshi mdomoni. Nipe hiyo ya baridi."

"Hata sisi hapa baridi tunayo," akasema.

"Yenu ya kuchezea."

Naye akacheka. Akasema basi nichukue na kipimajoto, maana hivi vitu vinakwenda pamoja, na karatasi yake nisiitupe, ina jedwali. Nikamwambia kipimajoto hatujawahi kutumia na tumepima miaka yote. Mzee wa watu hakubishana na mteja. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, namba tupu. Niliikunja nikaisokomeza ndani ya boksi ili kioo kisitikisike, na boksi nikalifunga kwa khanga, nikalipakata kutoka Iringa mpaka Mbeya kama mtoto mchanga. Mama aliyekaa kando yangu aliniuliza, "Ni mtoto?" Nikamwambia, "Ni zaidi." Nilikuwa najisikia mshindi.

Sasa niseme habari za mama.

Si mama yangu wa kunizaa. Alikuwa mjane, mwanachama wa zamani kuliko wote, na nyumba yake ilitazamana na kituo, barabara tu katikati. Mimi nilipoolewa huku sijui hata kumshika ng'ombe chuchu, yeye ndiye aliyenifundisha kukamua. Alikaa nyuma yangu, mikono yake juu ya mikono yangu, ananiambia nisivute, nibane. Kanisani alikuwa mmoja wa akina mama wanaoandaa meza ya Bwana. Vile vikombe vidogo vya ushirika alivifuta kimoja kimoja kwa kitambaa cheupe, na hakuna aliyewahi kumpokonya kazi hiyo.

Asubuhi ya kwanza ya kipimo kipya alikuwa wa mbele kwenye foleni kama kawaida. Alikuwa anakamua, anachuja, anavuka barabara. Nikamimina, nikatumbukiza. Kikazama mpaka ishirini na tano.

Nikarudia. Ishirini na tano.

"Mama," nikasema, "haya maziwa yana maji."

"Maji?" Akaangalia ndoo yake. "Nimekamua sasa hivi, mwanangu. Maji nimeyatoa wapi?"

Watu nyuma yake walisogea karibu. Nilijua wananiangalia kama nitampendelea, hasa yule baba niliyegombana naye. Nikachukua ndoo, nikatoka nayo mlangoni, nikamwaga. Maziwa yalifuka mvuke kwenye ile baridi. Niliuona mvuke ule kwa macho yangu haya mawili, nikarudi ndani nikasema, "Anayefuata."

Wote waliofuata siku hiyo walikuwa safi. Walitoka mbali, wengine mwendo wa saa nzima kwenye ukungu, madumu kichwani, na maziwa yao yalisoma ishirini na tisa, mengine hadi thelathini. Nikajiambia, unaona, chombo kizima, na watu wameogopa.

Mara ya pili ilikuwa wiki ileile. Hakubisha tena. Alisimama mbele yangu ameshika kifuniko kwa mikono yote miwili, akasema polepole, "Labda ndoo ilibaki na maji ya kuoshea. Labda sikuikung'uta." Nikamjibu, tena kwa sauti ili foleni isikie, "Basi mama uwe unakung'uta." Nikamwaga. Siku mbili tatu zilizofuata hakuja. Nilisikia anaianika ndoo juani, anaigeuza, anaifuta kwa nguo kavu, anaita majirani waingize mkono wahakikishe ni kavu kabla hajakamua.

Alikuja mara ya tatu na jirani shahidi. Jirani akasema, "Nimeishika ndoo mwenyewe, ilikuwa kavu." Kikasoma ishirini na tano. Jirani akamgeukia mama, akamwangalia kwa namna fulani, halafu akaangalia chini. Mimi nikamwaga, na kamati ikafuta jina lake, likasomwa kwenye mkutano. Barua nilimpelekea mimi, kwa kuwa ndiye ninayekaa karibu. Aliipokea, akasema, "Ahsante, mwanangu." 

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Aliacha vikombe vya kanisani, akawaambia wenzake mikono yake haina uhakika siku hizi. Ng'ombe akamuuza Mbalizi. Binti yake anayeishi Iringa akaja, akasikia habari, akakagua jikoni, akakuta mama yake anakwenda mara tatu tatu kuhakikisha moto umezimwa. Akaamua mama hawezi kuachwa peke yake. Wakaondoka siku ya Jumamosi. Nilikuwa shambani, niliona tu mlango umefungwa kwa kufuli. Nikasema moyoni, uzee huo, Mungu amsaidie. Nilimhurumia kabisa, tena nikaona nina roho nzuri kwa kumhurumia.

Ng'ombe wangu mwenyewe muda wote huo alikuwa amekaushwa, anasubiri kuzaa. Upande wetu wa barabara tulikuwa wawili tu wenye ng'ombe wa maziwa, mama na mimi, wengine wote ni wa juu. Akazaa, tukampa ndama siku zake za kunyonya, na asubuhi ya kwanza ya kupeleka kituoni nilikamua mbiombio kwa kuwa nilichelewa, nikakimbia na ndoo, nikaamua nianze na yangu kabla foleni haijajaa.

Kikazama. Nikainama. Ishirini na nne na nusu.

Nikasema loh, ng'ombe huyu anaumwa. Nikarudia. Ishirini na nne na nusu. Nilikuwa nimekamua mimi, kwa mikono yangu, kwenye ndoo niliyoikausha kwa moto. Nikaisogeza ndoo chini ya meza na khanga juu yake, nikapima watu wengine, na sikumwambia mtu. Eti mimi, mmwagaji mkuu, nikayaficha yangu! Foleni ilipokwisha na gari kuondoka, ilikuwa inakaribia saa tatu. Nikayatoa. Yalikuwa yamepoa kama maji ya kisima. Nikapima.

Ishirini na nane.

Nilikaa kwenye benchi. Sikuelewa bado. Nikalitafuta boksi, nikaitoa ile karatasi niliyoisokomeza, nikashuka nayo hadi kwa mtaalamu wa mifugo wa kata. Akaisoma dakika moja tu.

"Hii inapima sawasawa maziwa yakiwa na joto la nyuzi ishirini," akasema. "Yakiwa ya moto yanakuwa mepesi, chombo kinazama, namba inashuka. Ndiyo maana kuna jedwali, unapima joto kwanza halafu unaongeza. Kile chenu cha zamani lazima kilikuwa cha ishirini na saba, hakikuona tofauti kubwa."

"Lakini kwetu ni baridi," nikasema.

"Joto la maziwa, mama. Siyo la hewa." Aliniangalia kwa upole. "Ng'ombe hajui kama yuko Mbeya. Yanatoka yakiwa ya moto palepale."

Wa mbali yalipoa njiani. Ya mama yalivuka barabara tu. Nikamwambia yule bwana ahsante, nikatoka nje, nikashika ukuta, nikalia pale ofisini kwa watu bila aibu.

Kesho yake nilisimama mlangoni pa kituo kabla sijapima hata mmoja. Nikawaambia wote. Nikawaambia yule mama hakutia maji hata tone, na kwamba mwenye kosa ni mimi, niliulizwa swali Iringa nikajibu kwa kiburi. Nilitegemea wanitukane, na ningeshukuru. Hawakunitukana. Yule baba wa juu mlimani alivua kofia, akasema, "Na sisi tulikuwa tumesimama hapahapa." Kamati ikaandika barua ya kumrudishia uanachama na kumwomba radhi, ina muhuri, na nikasema nitaipeleka mwenyewe.

Nyumba ya binti yake iko pembeni mwa mji wa Iringa, upande wa mawe makubwa. Nilifika mchana. Binti alinipokea vizuri, mtu wa heshima, akaniambia sebuleni kwa sauti ya chini, "Mama yupo. Ila usimchoshe, siku hizi anapotea kidogo." Nikauliza anapoteaje. Akasema, "Hapotei hasa. Ila hajiamini. Jiko simruhusu. Kisu simpi. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniomba nimwekee mbali."

Mama alikuwa amekaa uani kwenye kigoda, mikono mapajani. Alikuwa amepungua. Aliponiona alisimama.

"Mwanangu! Umetoka nyumbani?"

"Nimetoka nyumbani, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Ng'ombe wako amezaa?"

"Amezaa."

Nikapiga magoti. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu tangu Makambako, yakanitoka yote. Nikampa barua. Aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka mapajani bila kuifungua. Nikamweleza kwa maneno yaliyokuja, laktomita mbili, swali la mzee, baridi yangu ya Mbeya, maziwa yake yenye moto wa ng'ombe. Nikamwambia nimepima yangu yakasoma kama yake. Nikamwambia, "Mama, nilikudhalilisha. Nilimwaga maziwa mazuri. Nisamehe."

Hakuangalia barua. Wala hakuonekana kusikia neno la msamaha. Alinisogelea uso wake ukawa karibu na wangu.

"Kwa hiyo ndoo ilikuwa kavu?"

"Ilikuwa kavu, mama."

"Siku zote tatu?"

"Siku zote."

"Sikusahau?"

"Hukusahau kitu. Akili yako ilikuwa nzima. Ni mimi."

 Binti alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni. Halafu mama akaanza kutetemeka mabega, nikadhani analia kwa ajili ya ng'ombe, au kwa ajili ya jina lake lililosomwa kwenye mkutano. Akasema, "Mimi nilijua unanionea aibu tu kuniambia. Nilijua naingiza maji mwenyewe halafu nasahau. Kila nikilala najiuliza, kesho nitasahau nini? Nitachoma nyumba ya mwanangu? Nilijiogopa, mwanangu. Nimekaa hapa najiogopa."

Nikaishika mikono yake. 

Akajifuta kwa ncha ya khanga. Akamgeukia binti yake na kusema naye kwa kilugha, maneno machache, sauti ileile aliyokuwa akitumia zamani kuita ng'ombe. Binti akaingia ndani, akakaa kidogo, akarudi na kisu na fungu la mchicha, akampa huku machozi yakimtoka. Mama akakaa kwenye kigoda, akaweka mchicha mapajani juu ya barua, akaanza kukata. Alikata mwembamba, haraka, bila kuangalia vidole. Akawasha jiko mwenyewe, akapika mwenyewe, akapakua, na sahani ya kwanza akanipa mimi. Nilikula yote, na sikuweza kuinua macho kumtazama.